Ahadi ya 1978 kuhusu uwanja wa ndege wa Paine Field: wakazi wa Mukilteo walidanganywa, au waliisoma vibaya?

#1 Mvuvi_wa_Nchi_Kavu

Wakuu, salaam.

Ninaishi kaskazini mwa Seattle, jimbo la Washington, na kuna jambo moja ambalo majirani zangu huku hulizungumzia kwa uchungu usiopoa. Uwanja wa ndege wa Paine Field uko Everett, ukipakana na mji mdogo wa Mukilteo, na mwenye mali ni kaunti ya Snohomish. Ulianza kujengwa mwaka 1936, na tangu miaka ya 1960 kiwanda kikubwa cha Boeing kiko kando yake. Mwaka 1978/79, baada ya mazungumzo marefu ya upatanishi na wakazi, kaunti ilipitisha sera iliyosema kwamba uwanja ule utakuwa hasa wa ndege ndogo za watu binafsi na shughuli za viwanda, na kwamba safari za kibiashara za abiria hazitapendelewa. Watu walinunua nyumba kwa kuitegemea sera hiyo. Miaka 40 baadaye, tarehe 4 Machi 2019, ndege ya kwanza ya ratiba iliondoka pale kwenda Portland, na ratiba iliyoidhinishwa ilikuwa ya safari 24 kwa siku.

Dai langu ni kwamba wakazi walidanganywa. Kaunti iliwaahidi utulivu huku ikiendelea kupokea ruzuku ya serikali kuu, na ruzuku hiyo huja na sharti linalokataza kuwabagua watumiaji wa uwanja. Mtu anayeahidi jambo ambalo mkataba mwingine aliokwisha kuutia saini unamzuia kulitimiza, tumwiteje? Naomba michango.

#2 Kipimo

Asante kwa mada. Sahihisho dogo tu: zile 24 ni safari za kuondoka, 18 za Alaska Airlines na 6 za United. Kila ndege inayoondoka sharti iwe imetua kwanza, kwa hiyo anayeishi karibu na uwanja anaweza kusikia 48. Tukijadili kelele kwa kuhesabu tiketi tutapunjana.

#3 Wakili_wa_Jioni

Mleta mada ameandika kwa makini, lakini ameliruka neno ambalo kesi nzima inalizunguka. Sera ya 1978/79 haikusema kwamba safari za abiria ni marufuku, ilisema tu kwamba kaunti haitazihimiza na itajitahidi kuzipunguzia mvuto. Mwenye duka akiwaambia majirani kwamba hapendelei wateja wa usiku, hajasema kwamba atafunga duka saa kumi na mbili jioni. Kwa wakili, tofauti hiyo ni kubwa kama bahari.

Kuhusu ruzuku uko sahihi. Kila uwanja unaopokea fedha za maendeleo kutoka FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya serikali kuu ya Marekani, hutia saini orodha ya masharti, na sharti la 22 linautaka uwe wazi kwa kila aina ya shughuli za anga kwa vigezo vya haki na bila ubaguzi usio na msingi. Shirika la ndege linapobisha hodi, mwenye uwanja anaweza kujadili kodi, mahali pa kuegesha ndege na taratibu za usalama, lakini hawezi kusema kwamba halitaki kwa kuwa ni la abiria.

Jambo la tatu ambalo wengi hulisahau ni kwamba Oktoba 1978 ndipo Marekani ilipopitisha sheria ya kuyaachia mashirika ya ndege uhuru wa kuchagua njia na nauli, na sheria hiyo ilizinyima serikali za majimbo na mitaa mamlaka ya kudhibiti nauli, njia na huduma za mashirika hayo. Majirani wa Paine Field walikuwa wakiandikiana maafikiano yao katika kipindi kilekile ambacho Washington DC ilikuwa ikibadili mchezo wote. Siuiti udanganyifu. Naona watu walipanga nyumba wakati msingi unahamishwa.

#4 Mama_Shughuli

Wakili, nimekusoma mara mbili na bado sijaridhika. Kama neno lilikuwa legelege kiasi hicho, kwa nini wananchi waliitwa kwenye upatanishi? Watu hawaketi jioni baada ya jioni, wanaacha watoto na chakula jikoni, ili wapewe karatasi isiyomfunga mtu yeyote. Aliyewaita alijua watatoka pale wakiamini nini. Ahadi ni deni, hata ikiandikwa kwa wino mwepesi.

#5 Kipimo

Nilikuwa nasubiri nani atakuwa wa kwanza kusema ahadi ni deni. Tumefika mchango wa nne tu.

#6 Jirani_wa_Wilson

Hamjambo. Mimi niko Nairobi, na ninataka kuuliza swali la mtu wa mjini: nani alimtangulia nani? Uwanja wetu wa Wilson ulianza mwaka 1929, na Florence Wilson aliyeanzisha kampuni ya ndege pale hakuwa na majirani wa kumlalamikia, kwa kuwa kulikuwa na nyasi na wanyama tu. Nairobi West na South C zilikuja baadaye, kisha magorofa. Leo ndege za Lamu, Ukunda, Lodwar na Maasai Mara zinapita juu ya kamba za kuanikia nguo, na mgogoro tunaousikia zaidi ni wa urefu wa majengo yanayosogelea njia za ndege. Kwa hoja ya nani kafika kwanza, uwanja wa 1936 unamshinda mwenye nyumba ya 1985.

#7 Mvuvi_wa_Nchi_Kavu

Jirani, hoja yako ingekuwa na nguvu kama isingekuwapo sera ya 1978/79. Mitaa kama Harbour Pointe kule Mukilteo ilikua hasa baada ya sera hiyo. Mnunuzi wa 1985 hakuuliza tu kama kuna uwanja wa ndege. Aliuliza ni uwanja wa namna gani, na jibu lilikuwapo kwa maandishi ya kaunti yenyewe. Nakubali kwamba aliukuta uwanja, lakini aliukuta pamoja na ahadi yake.

Wakili, nakushukuru kwa habari ya Oktoba 1978. Sikuwa nimeziweka tarehe hizo mbili pamoja.

#8 Dereva_wa_Masafa

Naomba niseme jambo ambalo mawakili hawatalisema. Nimebeba abiria kwa gari langu katika kaunti hiyo tangu mwaka 2017. Siku moja niliitwa kwenye nyumba yenye mwonekano wa bahari, na kwenye majani ya mbele kulikuwa na bango, limepauka kwa mvua, lililosema hapana kwa ndege za abiria. Mwenye nyumba alitoka na masanduku mawili, akaniambia nimpeleke Paine Field. Sikusema kitu, lakini aliona jicho langu lilipokwenda kwenye bango. Tulipofika kwenye taa za barabarani akasema, bila kuulizwa, kwamba alipinga kwa moyo wake wote, lakini jengo limekwisha kujengwa na mke wake ana goti baya.

Namwelewa. Kutoka kule hadi Sea-Tac, uwanja mkuu wa ndege wa Seattle, ni zaidi ya kilomita 60, na barabara ya I-5 saa za asubuhi inaweza kukula saa mbili. Jengo jipya lina milango miwili tu ya kuondokea na mahali pa kuotea moto kama sebule ya mtu. Kwa hiyo tafsiri yangu ni kwamba kelele zilikuwa kisingizio. Walichohofia ni bei za nyumba. Wapangaji wa Lynnwood na kusini mwa Everett, ambao nao wanasikia ndege, sikuwaona wakiweka mabango.

#9 Mama_Shughuli

Dereva, mpangaji haweki bango kwa sababu majani ya mbele si yake. Hilo halithibitishi kwamba hasikii.

#10 Mgeni_wa_Kudumu

Ninafanya kazi ya vipimo vya sauti, ingawa si vya viwanja vya ndege, na naona mjadala unahitaji kueleza jinsi kelele inavyohesabiwa, maana hapo ndipo wakazi wengi hupotea. FAA haipimi mngurumo wa ndege moja inayopita. Inachukua wastani wa saa 24, uliosawazishwa kwa mwaka mzima, na ndege zinazopita kuanzia saa kumi usiku hadi saa saba asubuhi huongezewa desibeli 10, jambo linaloifanya ndege moja ya usiku ihesabiwe sawa na kumi za mchana. Kiwango kikiwa chini ya desibeli 65, makazi huchukuliwa kuwa yanaweza kuishi na uwanja. Mtu anayeamshwa mara tatu anaweza kuoneshwa karatasi inayosema wastani wake ni mzuri. Karatasi haidanganyi, ila inajibu swali ambalo hakuliuliza.

#11 Mama_Shughuli

Mgeni wa Kudumu, umekaa ughaibuni mpaka saa zako zimegeuka. Saa kumi usiku huku kwetu mwadhini anajiandaa, na saa saba ni ya mchana, watu wanakula wali. Nadhani ulikusudia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi.

#12 Mgeni_wa_Kudumu

Nimekusudia hivyo hasa. Nimeaibika na nimesahihishika.

#13 Wakili_wa_Jioni

Mchango wa #10 unanisaidia kueleza kesi yenyewe, kwa sababu watu wengi wanadhani mahakama iliamua kwamba ahadi ya 1978 haikuwa na thamani. Haikuamua hivyo. Miji ya Mukilteo na Edmonds, pamoja na kundi la wakazi liitwalo Save Our Communities na watu binafsi, walipinga uamuzi wa FAA wa Desemba 2012, uliosema kwamba safari za abiria hazitakuwa na athari kubwa kwa mazingira. Hoja zao kuu zilikuwa mbili: kwanza, FAA ilikuwa imekwisha kuamua kabla ya kuchunguza, pili, ilikadiria idadi ndogo ya safari kuliko zile ambazo jengo lingeweza kuzipokea. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, yaani ile ya serikali kuu kwa majimbo ya magharibi, ilizikataa zote tarehe 4 Machi 2016. Kuhusu makadirio ilisema, kwa ufupi, kwamba FAA haikulazimika kuchunguza safari za kubahatisha ambazo hakuna shirika lililoziomba.

Tazameni tarehe: hukumu ni 4 Machi 2016, na ndege ya kwanza ni 4 Machi 2019. Haikupangwa hivyo. Safari zilikuwa zianze tarehe 11 Februari 2019, zikacheleweshwa na kufungwa kwa shughuli za serikali kuu kwa siku 35, kwa kuwa wakaguzi waliotakiwa kukamilisha idhini hawakuwa kazini.

Maelezo yangu, basi, ni kwamba wakazi walishindwa kwa sababu sheria iliwapa mlango mmoja tu wa kuingilia, ule wa tathmini ya mazingira, na jeraha lao halikuwa la mazingira, lilikuwa la imani. Ukienda kwa daktari wa macho na maumivu ya jino atakuandikia kwamba macho yako ni mazima.

#14 Kipimo

Mfano wa jino nauhifadhi. Hata hivyo sikubali kwamba makadirio yalikuwa jambo dogo. Yale ya 2012 yalijengwa juu ya mipango ya mashirika mawili, Horizon na Allegiant. Waliokuja kuanza kweli 2019 walikuwa Alaska na United, na kabla yao Southwest ilikuwa imetangaza kuja, ikaghairi, nafasi zake zikachukuliwa na Alaska. Ilibidi tathmini ya nyongeza ifanyike 2018. Kwa maneno mengine, kilichobishaniwa mahakamani na kilichotua uwanjani havikuwa kitu kimoja. Na United yenyewe iliondoka 2021. Ukitaka kujua jinsi makadirio ya usafiri wa anga yalivyo, hesabu ni wangapi kati ya hao waliotajwa walifanya kile kilichoandikwa.

#15 Mfuga_Kuku

Nawasalimu. Mimi siko Marekani, niko karibu na uwanja mdogo ambao sitautaja, na nimefuatilia uzi huu tangu jana. Zamani zilikuwa zikija ndege ndogo za watalii, mbili au tatu kwa siku, na kuku wangu walikwisha kuzizoea hata hawakuinua vichwa. Ndege kubwa zaidi zilipoanza, ya asubuhi ilipita kabla sijafungua banda. Nilipofungua niliwakuta wote wamejazana kwenye kona moja, wamepandana kama magunia, na wa chini saba walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa. Hakukuwa na damu, wala jeraha, wala manyoya yaliyotawanyika. Nilikwenda kuuliza ofisini, nikaambiwa nilete ushahidi kwamba ni ndege iliyowaua na si ugonjwa. Nimeandika tu kwa sababu mnazungumzia desibeli za wastani, nami sijui wastani wa kuku saba ni kiasi gani.

#16 Wakili_wa_Jioni

Pole sana, ndugu yangu. Huenda hujui kwamba msingi wa sheria ya Marekani juu ya kelele za ndege ni kuku. Mkulima aitwaye Thomas Lee Causby alikuwa na shamba karibu na uwanja mdogo wa Greensboro, Carolina ya Kaskazini, ambao jeshi liliutumia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndege zilipita futi 83 tu juu ya ardhi yake. Kuku walirukia kuta kwa hofu na kufa, jumla yao ikafika 150 hivi, mpaka akaacha biashara hiyo. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba mwenye ardhi hamiliki anga mpaka mbinguni, lakini ndege zikipita chini sana na mara kwa mara kiasi cha kumnyima matumizi ya ardhi yake, serikali imechukua mali yake na imlipe. Mwaka 1962 mahakama hiyohiyo ikaongeza kwamba mlipaji ni mwenye uwanja, si shirika la ndege.

Kwa hiyo mwenye uwanja amebanwa pande zote mbili: hawezi kuikataa ndege kwa sababu ya sharti la ruzuku, na anaweza kudaiwa fidia kwa sababu ameipokea.

#17 Dereva_wa_Masafa

Basi kuku wana haki kuliko Mukilteo.

#18 Pepo_za_Kusi

Nyote mnazungumza kana kwamba wakazi hushindwa daima. Santa Monica, California, waliishinda FAA mahakamani na uwanja wao utafungwa. Tatizo la Mukilteo ni kwamba hawakupigana vya kutosha.

#19 Wakili_wa_Jioni

Pepo za Kusi, si sahihi. Santa Monica walijaribu kupiga marufuku ndege za jeti za kasi kubwa mwaka 2008, na mahakama ya rufaa ikawapa FAA ushindi mwaka 2011. Kilichowaokoa ni maafikiano ya Januari 2017: mji uliruhusiwa kufupisha njia ya kurukia hadi futi 3,500 na kuufunga uwanja baada ya tarehe 31 Desemba 2028. Tena pale mji ndio mwenye uwanja. Mukilteo ni jirani asiye na hati. Mwenye hati ni kaunti. Mwaka 1973 mji wa Burbank ulijaribu kuweka amri ya kutoruka usiku kwenye uwanja usio wake, ukashindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani kwa kura tano dhidi ya nne.

Mfano unaowafaa zaidi ni wa uwanja wa ndege wa John Wayne, kaunti ya Orange, California, ambako makubaliano ya kesi ya 1985 yaliweka kikomo cha abiria na saa za kimya, na yapo hadi leo. Mwaka 1990 bunge la Marekani lilipitisha sheria inayofanya vizuizi vipya vya kelele viwe vigumu mno kuweka, ila ikaviacha vile vilivyokuwapo. Waliokuwa na kizuizi kamili kabla ya hapo walipona. Kaunti ya Snohomish ilikuwa na miaka 11 ya kugeuza sera yake kuwa kizuizi, haikufanya hivyo.

#20 Mvuvi_wa_Nchi_Kavu

Hapo ndipo nabaki na dai langu, Wakili, ingawa nalibadilisha kidogo. Miaka 11 ni mingi kwa mtu aliyeahidi kwa nia njema.

#21 Kipimo

Au ni michache kwa kaunti ambayo kila mwaka inahitaji fedha za kuiweka sawa njia ya kurukia yenye futi 9,010, ambayo Boeing wanaitegemea kupeleka ndege zao kwa wateja. Ukiacha ruzuku ili upate uhuru wa kukataa abiria, nani ataulipia uwanja? Wakazi wale wale wa Mukilteo, kwa kodi zao. Hakuna aliyewauliza kama wako tayari.

#22 Mtoto_wa_Kipawa

Samahani kwa kuchelewa. Dar es Salaam hoja ya kelele haijawahi kufika mbali, kwa kuwa uwanja ulipotaka kukua uliitaka ardhi yenyewe. Watu wa Kipawa na Kigilagila walihamishwa kupisha upanuzi, na mazungumzo ya miaka yote yalikuwa ya tathmini na fidia. Ninawasoma watu wanaobishana juu ya neno lililoandikwa 1978 na ninaona wivu kidogo, kwamba walikuwa na karatasi ya kubishania.

#23 Mama_Shughuli

Karatasi isiyozuia ndege hata moja, mwanangu. Usione wivu sana.

#24 Binti_wa_Maghorofani

Shikamooni wakubwa. Mimi na mume wangu tuko Marekani, na tunakaribia kununua nyumba umbali wa kilomita tatu kutoka uwanja mdogo ambao kwa sasa una ndege za mafunzo tu. Dalali anasema eneo ni tulivu na litabaki hivyo. Baada ya kusoma uzi huu sijalala vizuri. Nichunguze nini?

#25 Wakili_wa_Jioni

Marahaba. Uliza mambo matatu kwa maandishi. Kwanza, ruzuku ya mwisho ya serikali kuu ilipokelewa mwaka gani, kwa sababu masharti mengi hudumu miaka 20 tangu kupokelewa, na kama ardhi ilinunuliwa kwa fedha hizo hayana mwisho. Pili, hati ya nyumba ina kifungu cha kukubali ndege zipite juu? Kikiwapo, haki ya akina Causby imekwisha kuuzwa na mtu aliyekutangulia. Tatu, njia ya kurukia ina urefu gani, maana dalali anaweza kusema lolote, lakini njia fupi haipokei ndege ndefu.

#26 Mfuga_Kuku

Nenda pia ukasimame pale uani kabla jua halijachomoza, siku mbili tofauti, pepo zikiwa zimegeuka. Ndege huruka kuukabili upepo, kwa hiyo siku moja utaona kimya na siku ya pili utaona zote.

#27 Binti_wa_Maghorofani

Asanteni. Nimemwandikia dalali maswali yote matatu Jumanne. Amejibu lile la urefu wa njia ya kurukia, futi 5,000. Kuhusu ruzuku na hati amesema atanipigia, na leo ni Jumamosi.